Shomoro wa Kilima cha Lorene

Vilima vya Flint, Kansas
10 Juni

Mpwa wangu Joleen,

Kaa chini kwanza, maana barua hii haitoki kwa mtu wa kawaida. Hapa vilimani hakuna ndege anayeatamia yai wala ng'ombe anayehamishwa malisho kabla Delmar Kratochvil hajatoa kauli. Mwaka jana wataalamu wa chuo kikuu walikuja na darubini za miguu mitatu, wakazunguka wiki nzima wakibabuka ngozi kwa jua, na mwisho wakaja kusimama mlangoni kwangu, kofia mikononi, kuniuliza ndege wako wapi. Niliwaonyesha kwa kidole kimoja, na kikombe cha kahawa sikukiweka chini. Na mimi, kama ujuavyo, shule niliiacha darasa la nane kwa sababu mwalimu alikuwa amemaliza vyote alivyokuwa navyo.

Hatujambo. Verla anakusalimu. Goti bado linamsumbua, na siku hizi ameanza tabia ya kunung'unika, anaongea na sinki badala ya kuongea nami, kisha anakasirika eti sijajibu. Mbwa amezeeka. Joto limeanza mapema. Juzi lilikuwa kali mpaka kivuli changu kikakataa kushuka kwenye pikapu, ikabidi nikakague uzio peke yangu. Halafu usinipigie simu tena, nakuomba. Sijui simu za siku hizi zimeingiwa na nini, kila mtu anasikika kama ana kiazi mdomoni. Andika barua. Barua haina kiazi.

Sasa jambo lenyewe. Unakumbuka desturi yangu na marehemu mama yako. Tangu tukiwa wadogo, kila Juni, asubuhi moja, mimi na Lorene tulikuwa tunapanda kile kilima chake kabla hakujapambazuka, tunakaa juu ya jiwe la chokaa na chupa ya kahawa katikati yetu, tunasikiliza ndege wa mbuga. Hakuna kusema neno mpaka jua litoke lote. Atakayefungua mdomo kwanza ndiye atakayekaanga mayai na soseji. Maskini dada yangu alikaanga mayai miaka na miaka, maana akimsikia shomoro panzi alishindwa kujizuia. Ananishika mkono, ananong'ona, "Huyo, Delmar, huyo." Basi, amekwisha, twende jikoni.

Tangu atuache nakwenda peke yangu. Nakaa kimya peke yangu, nashinda peke yangu, nakaanga mwenyewe.

Mwaka huu nilifika umande bado uko magotini. Kuku wa nyika wamemaliza msimu wao wa kucheza, lakini jogoo mmoja mzee alikuwa bado anavimbisha shingo na kuunguruma, hana habari kwamba wake wameshakwenda kulea. Yule ndege wa miguu mirefu anayepiga mluzi kama kijana aliyeona msichana, yupo. Kifua-njano yupo juu ya nguzo, anaimba kama amelipwa. Lakini shomoro panzi, yule mdogo wa kahawia ambaye hata wimbo hana, ana mchakacho tu kama panzi aliyebanwa bawa, hayupo. Hata mmoja. Nilikaa mpaka jua likanipiga utosini. Kilima ambacho Lorene alikuwa akisema wamejaa kama kunguni kwenye godoro la gesti, hakuna.

Aliyewamaliza namjua. Ni Wade Penner. Sote tunachoma nyasi kila Aprili, bila moto mbuga ingeshakuwa msitu. Lakini Wade anachoma kama mtu anayenyoa kichwa, habakishi hata kichaka cha ndege kujificha. Mama yako alikuachia wewe kilima, na Wade anakikodi kwa ng'ombe wake. Mkataba unakwisha mwakani majira haya. Usiuendeleze. Najua hana malisho mengine, na bila kilima kile itabidi auze ng'ombe wote. Hilo ni lake. Lorene angekuwa hai asingevumilia.

Ni mimi mjomba wako,
Delmar

*

Juneau, Alaska
3 Julai

Shikamoo Mjomba,

Barua yako imefika ikiwa imelowa, maana hapa mvua haijui kupumzika. Mimi sijambo. Kazi ya kupiga picha za mifupa hospitalini inaendelea. Majira haya wavuvi wanateleza kwenye sitaha na kuvunjika viganja, kwa hiyo sikosi wageni. Nilicheka peke yangu kuhusu kivuli chako. Mpe pole mkaza mjomba kwa goti. Na kwa kunung'unika.

Habari ya shomoro imeniumiza. Naomba nikuulize, usikasirike. Wengine wote uliwasikia vizuri, ila yeye tu? Ulimwona yeyote, hata kama hakuimba? Na ulikuwa peke yako kweli, hakuna mwingine aliyepanda nawe?

Nauliza kwa sababu Wade si mtu baki kwangu. Wakati Mama hawezi tena kutembea, ni Wade aliyekuwa anambeba kumshusha ngazi, amkalishe barazani aone ng'ombe wakipita. Rhonda, mkewe, ndiye aliyemwosha nywele siku ile ya mwisho wakati mimi bado niko angani nasafiri. Nikiwaondolea kilima nawaondolea nyumba. Siwezi kufanya hivyo kwa asubuhi moja ya kimya, Mjomba, hata kama asubuhi yenyewe ni yako.

Nakusalimu sana,
Joleen

*

Vilima vya Flint
24 Agosti

Joleen,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira akishika kalamu anatoboa karatasi.

Hapa wazima. Verla ameshinda tena kwa pai ya rubabu, yale mabua machachu, kwenye maonyesho ya kaunti, ingawa aliyemfundisha kukanda unga ni mimi, hilo halisemwi. Ndama ni wazuri.

Unaniuliza kama nilikuwa peke yangu, kama vile nahitaji shahidi. Mimi niliyemwita kware kwa mluzi akaja akaingia mfuko wa koti, akataga. Nilirudi kilimani mara ya pili, ili usiseme. Ni yale yale. Na kama unataka kujua ubaya umefika wapi, sikiliza hii: hata nyenje wa jioni wamekwisha. Nakaa barazani Agosti, Joleen, Agosti, na ni kimya kama kanisa Jumatatu. Verla anasema wanapiga kelele mpaka kichwa kinamuuma. Nimemwambia hiyo ni presha, akapime.

Basi nimeshasema pale mkahawani karibu na ghala la nafaka. Nikizungumza pale mtu hakorogi sukari mpaka nimalize. Niliwaeleza wote jinsi Wade alivyoua kilima cha dada yangu. Wamekubali. Aprili ikifika, akitaka kuchoma, achome na mke wake. Unajua huku mtu hachomi peke yake. Majirani huja na matangi ya maji na mienge, wanakuzungukia moto wako nawe unakwenda kuzungukia wa kwao. Tangu babu zetu hakuna aliyenyimwa hilo. Tutaona kiburi chake kitazimwa na nini.

Yeye mwenyewe alinisimamisha dukani akaongea ongea. Nilimjibu kistaarabu, nikasema naam, hali ya hewa ni nzuri, nikaondoka.

Delmar

*

Juneau
5 Novemba

Shikamoo Mjomba,

Theluji imeshashuka mpaka nusu ya mlima ulio nyuma ya nyumba yangu. Nina mafua, lakini natembea. Hongera kwa mkaza mjomba na pai yake, na kwa mwalimu wake asiyetajwa.

Ile sehemu ya nyenje nimeisoma mara nyingi. Nimempigia simu mkaza mjomba, usimgombeze, mimi ndiye niliyepiga. Tuliongea kuhusu nyenje na kuhusu simu. Kuna jambo nilikuwa nimeliandika hapa, nimelifuta, utaona alama ya kifutio.

Nikuulize la zamani tu. Mlipokuwa mnakaa kwenye lile jiwe, na Mama akanong'ona "huyo", wewe ulikuwa umeshamsikia? Au ulikuwa unamsikia baada ya kuonyeshwa?

Halafu nakusihi, kama uliwahi kunipenda nilipokuwa mtoto ukinibeba mabegani: rudi pale mkahawani ukawaambie watu waende kwa Wade Aprili. Moto hauna habari na ugomvi wenu. Kuhusu mkataba, sijaamua. Nitakuja mwenyewe Juni, nitapanda nawe kilimani, na nitaamua pale pale juu ya jiwe.

Joleen

*

Vilima vya Flint
26 Aprili

Mpwa wangu,

Usiseme nimekaa kimya majira yote ya baridi, nilikuwa na kazi. Ilipita baridi kali hata maneno yakawa yanaganda yakitoka mdomoni, tukawa tunayaokota na kuyayeyusha kwenye sufuria tujue mtu alisema nini. Verla alikataa kuyeyusha ya kwangu.

Habari njema ni kwamba goti lake limefanyiwa upasuaji na sasa ananikimbiza. Habari mbaya, mbwa amekufa. Nilimzika karibu na ile pampu ya kisima inayozungushwa na upepo. Mchungaji wetu amehamishwa, amekuja kijana ambaye mahubiri yake sijui yanahusu nini, anaongea chini chini kama anaomba mkopo. Ng'ombe wangu mmoja amezaa mapacha. Mvua imekuja kwa wakati. Nyasi zimeanza kutoka kijani kibichi juu ya majivu, unajua jinsi zinavyokuwa, utadhani mtu amemwaga rangi.

Nimechoma malisho yangu salama kabisa, majirani wote walikuja.

Palitokea moto kidogo kwa Wade. Umeshazimwa. Mambo ya upepo.

Swali lako la Novemba nimelisahau lilikuwa nini.

Delmar

*

Juneau
9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Leo sina habari nyingine za kukupa kwa sababu moja tu imejaa kichwani.

Rhonda alinipigia simu. Hakupiga kushtaki; alitaka kujua kama nitawapa notisi mapema ili watafute wanunuzi wa ng'ombe. Ilinibidi nimtoe maneno kidogo kidogo.

Anasema walingoja mpaka saa nne asubuhi majirani waje. Hakuja mtu. Wangeacha, nyasi zingewashinda mwaka mzima, kwa hiyo wakawasha wawili. Adhuhuri upepo ukageuka, moto ukaruka njia, ukashika banda la majani makavu, na ndama walikuwa wamefungiwa ndani upande wa nyuma. Wade aliingia akavuta komeo la chuma kwa mikono mitupu. Ndama walitoka. Ngozi ya viganja vyake ilibaki kwenye komeo. Mimi napiga picha za mikono kila siku, Mjomba, najua mkono ni kitu gani. Daktari wake hajui kama vidole vya mkono wa kulia vitakunja tena.

Wewe umeandika "moto kidogo".

Anasema tena kulikuwa na pikapu moja iliyokuja, ikasimama getini, na tangi la maji nyuma. Ilisimama, ikageuka, ikaenda zake. Rhonda hakutaja jina la mtu. Alisema ilikuwa ya kijani, mlango mmoja mweupe.

Gari hilo nalijua. Nilijifunzia kuendesha ndani yake.

Nifanye nini na hilo? Uliona banda linaungua, una maji, ukageuka. Nimejaribu kukutetea kichwani mwangu na nimeishiwa maneno. Niambie wewe.

Nitafika tarehe saba Juni.

Joleen

*

Vilima vya Flint
20 Mei

Joleen,

Chumba chako tayari. Verla ameosha mapazia.

Njoo na viatu vya umande.

Delmar

*

Juneau
18 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nimefika salama na kukuta mvua ile ile niliyoiacha. Asanteni kwa malazi na kwa kila kitu. Mwambie mkaza mjomba ile mitungi ya jemu ilifika mizima, niliivisha soksi.

Naandika kukuarifu kabla hujasikia kwa watu. Nimeuendeleza mkataba wa Wade. Nimempa miaka mingi, na nimemwambia abaki hata kama mikono haitapona, atafute msaidizi. Tulikaa jikoni kwao, Rhonda akiwa amemshikia kikombe, na nikamwambia kwamba kilima kiko vizuri. Sikusema zaidi ya hapo. Wao pia hawakuuliza.

Hukuniambia lolote kuhusu siku ya moto. Siku zote zile nilizokaa kwenu nilikuwa nangoja. Ulinisimulia kuhusu samaki aliyekuvuta mpaka Oklahoma.

Kuhusu asubuhi yetu pale juu sitaki kuandika mengi. Mimi ndiye niliyeongea kwanza, jua likiwa bado nusu, na bado wewe ndiye uliyekaanga mayai. Sijawahi kukuona ukiacha ushindi mezani hivyo. Uliunguza soseji, hukujisifu, na uliponipa sahani hukunitazama.

Mlango wangu uko wazi, na barua zinafika.

Joleen

*

Vilima vya Flint
2 Julai

Mpwa wangu Joleen,

Marahaba. Hapa tunaendelea. Verla anauliza kama umeshafungua jemu ya cheri. Wale ndama mapacha wamekuwa wakubwa mpaka jirani wa kaunti ya pili anadhani ni ghala jipya. Basi, hizo ndizo habari, sasa nisikilize, maana barua hii nimeianza na kuichana mara kadhaa, na leo Verla amekwenda kwa dada yake kwa hiyo hakuna anayeniuliza naandika nini.

Jumapili nilikwenda kwa Wade. Nilipeleka mbao kwa ajili ya banda. Wengine watasema nilichelewa, nami sibishani nao. Wade alikuwa amekaa ngazini, mikono imefungwa bandeji kama glavu za mabondia, anamwelekeza Rhonda jinsi ya kufunga trela. Nilishusha mbao, hakuna aliyenisaidia wala aliyenizuia. Nilipomaliza nikasimama mbele yake ili nimwone mdomo anapoongea. Nimejifunza hilo siku hizi.

Nikamwambia, "Nimesikia ndege wamerudi kilimani."

Wade akasema, "Hawakwenda popote, Delmar. Nawasikia kila ninapokagua maji."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Agosti, pale dukani. Nikakuambia twende wote, nikuonyeshe hata viota. Ukaniambia hali ya hewa ni nzuri."

Rhonda akaacha trela. Yule mama hajawahi kunivunjia heshima, na hata siku hiyo hakupandisha sauti, nilikuwa namtazama midomo tu. Akanisogelea karibu kabisa.

"Siku ya moto nilikuita," akasema. "Ulikuwa getini, hatua chache tu. Nilikuita kwa jina mpaka sauti ikanikauka. Nikakupungia mikono yote miwili. Ukaniangalia usoni, ukageuza gari."

Sasa hapo, Joleen, ujue nilijibu nini. Nikamwambia, "Mama, upepo ulikuwa mkali, ulikuwa unavuma kuelekea kwenu, ukarudisha sauti yako nyuma." Nikalisema kwa ile sauti yangu ya mkahawani. Wade akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chini. Kisha wakaniambia asante kwa mbao, na wakaingia ndani.

Nimekaa na hilo tangu Jumapili.

Mimi nilikwenda siku ile kusaidia. Hili hutaliamini, lakini ndivyo. Adhuhuri nilikuwa bado mkahawani na wenzangu tukicheka kwamba leo Wade atajua, ndipo nikaona moshi umegeuka rangi. Moshi wa nyasi ni mweupe. Ule ulikuwa mweusi, moshi wa jengo. Nikaacha kahawa. Nilijaza tangi mpaka likamwagika, nikaendesha vile ambavyo Verla hataki niendeshe. Wengine waliniona naondoka wakadhani nakwenda kutazama.

Nikafika getini. Rhonda akatoka kwenye moshi, mikono juu, anaipunga hivi na hivi, mdomo wazi, uso umekunjamana. Mimi nikadhani ananifukuza. Nikasema moyoni, ana haki, mimi ndiye niliyewazuia watu, leo naleta maji ya kujionyesha. Nikaona aibu ikanishika shingoni, nikageuza gari. Nilipokuwa naondoka alikuwa bado anapunga. Kwenye kioo nilimwona anapiga magoti. Nikadhani ni hasira.

Kumbe alikuwa ananiita.

Ulipouliza Mei, ningeweza kuandika haya. Lakini ungesema, Mjomba, mtu yuko hatua chache, anapiga kelele kwa jina lako, ulishindwaje kusikia? Na mimi sikuwa na jibu ambalo lingeniacha bado mimi. Nikaona afadhali unidhanie mkatili. Mkatili ana heshima yake kidogo. Watu humwogopa.

Halafu ukaja. Tukapanda. Nilikuwa nimevaa kofia mpya. Asubuhi ilikuwa nzuri, hilo sidanganyi, ukungu umelala bondeni kama maziwa kwenye sahani, na ng'ombe wa Wade wamesimama ndani yake mpaka tumboni. Mluzi wa yule wa miguu mirefu niliusikia. Kifua-njano nilimsikia. Nikajipa moyo. Nikasema ngoja, kama na huyu hatasikia kitu, nitakuwa nilisema kweli, na hata yale ya Aprili yatakuwa na sababu.

Ndipo nikakuona unakaa wima. Ukaangalia kushoto, ukaangalia kulia, ukaangalia nyuma, kama mtu aliyeingia kwenye chumba kilichojaa watu. Machozi yakakutoka, nikadhani ni ya mama yako. Na mbele yetu, kwenye waya wa seng'enge, karibu kiasi kwamba ningeweza kumtupia kofia nikampata, kikatua kidege cha kahawia, kichwa bapa, mkia mfupi. Shomoro panzi. Akarudisha kichwa nyuma, akafungua mdomo, koo likatetemeka. Akafunga. Akafungua tena. Alifanya hivyo kwa muda mrefu. Nilimtazama kwa nguvu, Joleen, mpaka macho yakauma. Ukanishika mkono, mahali pale pale alipokuwa ananishika Lorene, ukanong'ona, na midomo yako niliiona vizuri kwa mwanga ule: "Unamsikia?"

Daktari wa masikio yuko mjini, Verla ameshaniwekea siku, anadhani nakwenda kwa ajili ya presha. Au anajifanya anadhani. Kwa Wade nitarudi Jumamosi kupigilia zile mbao, nyundo nitashika mimi, yeye anielekeze, na nitasimama mahali ninapoona mdomo wake. Safari hii nitawaambia yeye na Rhonda jambo la upepo. Lakini nimeona nianze na wewe, kwa sababu wewe uko mbali na sitaona uso wako ukisoma.

Upepo siku ile ulikuwa unatoka kwao kuja kwangu. Moshi wote ulikuwa machoni mwangu. Sauti ya Rhonda ilinipita usoni na sikuisikia.

Na pale kilimani uliponiuliza, niliitikia kwa kichwa, nikatabasamu kama mtu anayefaidi. Sikuwa nasikia kitu.

Mjomba wako,
Delmar